Jina Lililobaki Mgombani

Nililala mchana ule nikiwa nimewachoka watu. Tangu asubuhi wanawake waliingia chumbani kunipa pole ya haraka haraka, kana kwamba nimevunjikiwa na chungu: ndiyo mambo ya uzazi, utapata mwingine. Nesi alisema mtoto kazaliwa mfu, basi, akaondoka. Mama mkwe wangu, Bi Namsifu, alimviringisha kwenye kitambaa akaenda kumzika mgombani peke yake, maana kwetu mtoto wa namna hiyo haliliwi, hawekewi matanga, wala hapewi jina. Nami binti yule nilimwita Namsifu tangu tumboni, jina la bibi yake. Nilipolitaja, mama mkwe alinikatiza: "Jina langu halizikwi nikiwa hai." Nikageukia ukutani, nikalia mpaka usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea katika bonde la ukungu, majivu yananifika vifundoni. Nyuma yangu Aibu, mwanamke mwenye ufagio, alifuta kila nilipokanyaga. Langoni alikaa Kimya, akiwaziba wapitao midomo kwa ugali uliopoa. Aliponishika kidevu, ajuza mrefu aliyevaa kaniki, macho yamevimba, akamzuia mkono. Alikuwa Huzuni. "Mwache huyu, ana mtu wa kumwita," alisema, akanipeleka uwanjani, ambako watoto walikaa mikekani bila kucheza. Nikamjua wangu kwa kishimo cha kidevuni, cha mume wangu, Eliamini. Nikamuuliza anaitwa nani.

"Mfu," akajibu. Wa pembeni yake naye, "Mfu." Wote hivyo hivyo. Nilitamani kumpiga mtu.

"Usigombane na neno," Huzuni aliniambia taratibu. "Linasema alivyofika, halisemi yeye ni nani. Hilo mlitakiwa kulisema ninyi. Mmenyamaza, nao wamejivika walichokiokota."

Nikapiga kelele, "Namsifu!" Mtoto akainua uso. Nikaamka.

Mama mkwe alikuwa ameketi miguuni pangu na bakuli la uji.

"Ulikuwa unalitaja jina langu," alisema.

"Sikukuita wewe, mama."

"Najua."

Aliweka bakuli chini, akanifunga kanga, akanishika mkono mpaka mgombani, kwenye udongo mbichi usio na alama. Alipiga magoti kwa taabu. Ndipo nilipoyaona macho yake yalivyovimba, nikaelewa kwamba asubuhi, huku peke yake, alikuwa amelia.

"Namsifu," akaita, kiganja chake juu ya udongo. "Mjukuu wangu. Ni mimi, bibi yako."