Kiti cha Fundi Yatosha

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala kwa maana ya kwamba ana nyundo. Mtaani wanamwita Fundi Yatosha, naye anadhani ni sifa.

Mimi ndiye mpiga msasa na vanishi wa karakana yake, na kwa miaka mitatu nimejifunza kuyapima maneno yake kama daktari anavyopima kikohozi. Akisema kitanda kinaridhisha, lala, ila usigeuke. Akisema meza si haba, iegemeze ukutani. Stuli ikiwa "afadhali kuliko ya juzi", jua ya juzi imeshavunjika. "Itasukuma siku" ni kwa wateja wanaokaribia kuhama. Na akikung'uta mikono, akarudi nyuma hatua mbili, akatamka "yatosha", watoe watoto karibu.

Asiyeniamini amtazame saa ya chai. Shemeji hajawahi kukalia kiti alichokitengeneza. Karakana imejaa viti, yeye yuko juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, anapuliza kikombe chake kwa amani.

Basi Mwalimu Mkuu wa shule iliyo nyuma yetu akataka viti sitini vya maktaba. Akaomba kwanza kiti kimoja cha mfano. Kazi kama hiyo hatukuwahi kuipata, na tulijua kwamba tukiikosa, karakana itabaki kuwa ghala la ndoo.

Dada akachomoa mbao mbili kutoka chini ya kitanda chake. Zilikuwa nne, mninga mkavu, alizoachiwa na marehemu baba, seremala wa kweli. Dada alikulia kwenye maranda ya baba, randa mkononi. Alipoolewa, Shemeji alimwambia karakana moja haiwezi kuwa na mafundi wawili. Akakubali. Tangu hapo haijawahi kuwa na hata mmoja.

"Hizi ni za baba," akamwambia mumewe. "Chonga ulimi uingie kwenye tundu lake, baba watoto. Usinipigie misumari."

"Mama watoto, mimi nikuaibishe?"

Alimwaibisha kabla ya saa sita. Miguu aliishika kwa misumari. Pale mguu ulipokutana na kikalio pakabaki mwanya, naye akaujaza vumbi la mbao lililokorogwa na gundi.

"Shemeji," nikamwambia, "hapa mende anaweza kupanga chumba na sebule."

"Wewe paka vanishi. Maneno mengi ya nini?"

Nikapaka. Funika kombe mwanaharamu apite. Sijisifu, lakini kiling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Shemeji akakung'uta mikono, akarudi nyuma hatua mbili.

"Yatosha."

Mwanaharamu alipita alasiri. Mwalimu Mkuu, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, alikizunguka kiti mara moja, kisha akavuta ndoo ya Shemeji na kuikalia yeye.

"Kizuri. Kaa, fundi, nikusomee masharti."

"Mimi? Nimezoea kusimama, mwalimu."

"Na mimi nimezoea kukalisha watu. Kaa."

Shemeji akakaa. Yaani, alikunja magoti. Makalio yaliteremka mpaka karibu na kiti, yakaghairi, yakabaki yanaelea. Mwalimu akafungua faili na kusoma taratibu, kama anayemsomea mtoto imla. Sharti la kwanza. Sharti la pili. Kufika la tano, jasho lilikuwa linamdondoka puani na mapaja yanatetemeka. Dada alijiziba mdomo kwa kitambaa. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Fundi," Mwalimu akasema bila kufunga faili, "mbona kati ya suruali yako na kiti naona ukuta wa nyuma?"

"Ni suruali mpya, mwalimu. Naitunza."

Suruali yenyewe ina viraka vitatu.

"Shusha uzito."

Akashusha. Kiti kikatoa mlio, kwaa! Mguu mmoja ukafunguka upande, misumari inachungulia. Shemeji alikuwa ameshasimama kabla hakijamwangusha. Kuruka ndiyo kazi pekee aliyoifanya kwa ufundi siku ile.

Mwalimu akainuka, faili kwapani. Alikuwa mlangoni Dada alipomkimbilia.

"Mwalimu, zimebaki mbao mbili. Nipe mpaka Ijumaa."

"Wewe nani?"

"Binti wa seremala."

"Wa huyu?"

"Huyu ni mume wangu."

Mwalimu alimtazama kwa huruma kidogo. "Ijumaa saa nne."

Dada akarudi ndani, akamchomoa mumewe penseli sikioni.

"Unakwenda kupoteza mbao za mwisho za mzee," Shemeji akanung'unika.

"Nimeshapoteza mbili kwako."

Siku tatu alichonga. Anaingiza ulimi kwenye tundu, anautoa, anakwangua unywele, anarudisha. Mume alikuwa juu ya ndoo, mshauri mkuu.

"Hapo yatosha, mama watoto."

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado."

Neno hilo lilikuwa geni humo ndani. Hata nyundo nadhani zilishtuka. Mimi nilikatazwa kugusa kopo la vanishi mpaka niitwe, na nilipoitwa sikuona mwanya wa kuficha.

Ijumaa Shemeji alibebeshwa kiti kichwani, angalau shingo yake ni imara. Tulifika kabla ya saa nne, geti limefungwa, mlinzi amekwenda kutafuta ufunguo, jua limewaka. Shemeji akakitua kiti chini, akafuta jasho, akapiga miayo.

Akakaa.

Hakukijaribu kwa kiganja wala hakukunja magoti nusu. Alijibwaga mzima mzima, akaegemea, akapandisha mguu juu ya mguu, akaanza kulalamikia joto. Nikamfinya Dada. Akaniwekea kidole mdomoni.

Geti likafunguka, na Mwalimu Mkuu mwenyewe akatokea. Akamtazama Shemeji, akatazama chini yake. Safari hii ukuta haukuonekana.

"Masharti nimeyaacha ofisini," akamwambia Dada, "na sioni haja ya kurudi kuyachukua. Sitini, fundi. Hivi hivi."

Shemeji ndipo akagundua alipokaa. Akainuka polepole, akakipiga kiti kofi la mgongoni kama mwanawe aliyefaulu mtihani.

"Si niliwaambia?" akasema. "Yatosha."