Mapigo Manne ya Kimya

Kama uliolewa au uliozesha Musoma kati ya mwaka themanini na saba na tisini na tatu, na ukoo wako haukuwa na uwezo wa kuita bendi, basi umepita mikononi mwa Alawi Muharami hata kama humjui. Alikuwa fundi redio pale Kitaji, kwenye chumba kimoja chenye baraza, jirani na mashine ya kusaga. Redio zilikuwa za kusukuma siku tu. Kazi iliyompa jina ni kanda bubu, maana ndivyo watu walivyoziita: kaseti yenye muziki mtupu, kinanda na ngoma, haina mtu anayeimba. Unaitia kwenye redio, unashika kipaza sauti, unaimba wewe. Ukichapia, kanda haikusengenyi.

Miaka ya foleni za sukari asingethubutu. Kaseti zenyewe zilikuwa haba, na mtu akiwa nayo anaifungia sandukuni pamoja na sabuni. Baadaye mambo yakalegezwa, bidhaa zikaanza kumiminika kupitia mpaka wa Sirari, na katikati ya mitumba na dawa za meno kikaja kinanda kidogo cha betri chenye ngoma ndani yake. Alawi alikipata kwa kubadilishana na cherehani ya marehemu mama yake. Ndugu walinuna. Yeye alikibeba kifuani kama mtoto aliyetoka kuzaliwa.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Mwimbaji alileta sauti yake ikiwa peke yake kwenye kaseti, bila ala yoyote. Alawi aliiweka kwenye redio ya kwanza, akavaa visikilizio masikioni, akapiga kinanda akiifuata ile sauti hatua kwa hatua. Kinanda nacho kiliingia kwa waya kwenye redio ya pili. Sauti ikabaki huku, muziki ukaenda kule. Yote hayo aliyafanya alfajiri, kabla mashine ya kusaga haijawashwa, kwa sababu ikishaanza kunguruma umeme unapungua, kaseti inaburuta, na bibi harusi anaingizwa ukumbini kwa mwendo wa jeneza.

Kanda zake zilikuwa safi, ila zilikuwa na ila moja. Kila mwisho wa ubeti Alawi aliisimamisha kwanza ile sauti ya mwimbaji, na muziki ulingoja. Ngoma iligonga moja, mbili, tatu, nne, kinanda kimenyamaza, ndipo wimbo ukaendelea. Clementi, mwalimu wa kwaya kutoka Bunda, alifunga safari nzima kuja kulalamika.

"Fundi, hapa kuna shimo. Watu wangu wakifikaga hapo wanasimama, wanaangaliana kama wamesahau kitu nyumbani."

"Wapigishe makofi," Alawi alimjibu. "Ndio upigaji wangu."

Clementi akawapigisha makofi, mwishowe wakazoea. Mkoa mzima ukazoea. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na Alawi hakuwa mtu wa kujieleza.

Hiyo ilikuwa pumzi ya Mwanaupe. Mwanaupe alikuwa mkewe, na kinanda kilipofika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuimba ili Alawi ajifunze kumfuata mtu. Sauti yake ilikuwa nene, yenye utulivu, ila kifua hakikuwa kizima. Pumu ilimkamata mwaka wa pili wa ndoa, na kila alipomaliza ubeti ilimbidi asimame, ashike meza, avute hewa. Mapigo manne, kisha kifua kikakubali. Alawi alijifunza kumngoja, na mikono yake haikujifunza namna nyingine.

Alimhangaikia, lazima tumpe haki yake. Aliamini ugonjwa unatoka kwenye baridi ya ziwa. Akanunua blanketi zito, akanunua mafuta ya kuchua, akaziba madirisha yote mawili kwa magunia ili upepo usipenye. Ndani ya chumba hichohicho aliendelea kulehemu redio za watu kuanzia asubuhi hadi jioni, moshi ule mweupe wa lehemu ukipanda na kujitandaza chini ya bati.

"Baba, kalehemie barazani," Mwanaupe alimwambia. Alimwambia mara tatu kwa nyakati tofauti. Mara ya kwanza Alawi akasema upepo unapoza pasi ya kulehemu. Mara ya pili akasema vumbi litaingia kwenye kinanda. Mara ya tatu akasema, "Ngoja nimalize hii." Juma lililofuata Salum, kaka yake Mwanaupe, alikuja kwa basi kumchukua dada yake akapumzike Bunda kwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka. Kisha Salum akarudi peke yake, akaketi barazani, akasema kwa heshima kwamba dada yake anaomba talaka. Alawi aliandika, kwa sababu hakujua namna ya kukataa kitu kilichoombwa kwa heshima.

Tangu hapo aliishi peke yake, na upweke ulimkalia vibaya. Alikuwa akipika ugali wa watu wawili na kuumwaga nusu. Lakini zile nafasi kwenye kanda hakuziondoa. Alijiambia kwamba siku Mwanaupe akirudi, kwa sababu yoyote ile, asikute amezibiwa pahali pake pa kupumulia. Hilo ndilo tumaini pekee alilokuwa nalo, na alilipanda kwenye harusi za watu mkoa mzima.

Mwaka tisini na moja, siku ya Alhamisi, alikuja mama mmoja mkulima wa Butiama aitwaye Wankyo, amefunga kaseti kwenye ncha ya kanga.

"Fundi, binti yangu anaolewa keshokutwa. Nataka kanda bubu ya wimbo huu. Sauti iko humo. Ni ya mama mmoja Mswahili, ndiye anaimbaga harusi zote za kwetu siku hizi. Alisema nisipeleke kwa mwingine, nilete kwako."

"Njoo kesho saa tatu, mama," Alawi alisema. Wankyo akaenda kulala kwa dada yake Kamunyonge.

Alfajiri Alawi alivaa visikilizio, akabonyeza kitufe. Neno la kwanza tu, akaitambua sauti. Alikuwa Mwanaupe. Miaka miwili hakuwa ameisikia sauti ile, na sasa ilikuwa masikioni mwake, karibu kuliko mtu aliyelala naye mto mmoja. Furaha ilimjaa. Ubeti ukafika mwisho, naye akaanza kuhesabu kama kawaida yake. Moja.

Sauti haikungoja. Iliingia ubeti wa pili palepale, nene, imeshiba, ikaenda zake.

Alidhani kanda imekatwa ikaungwa. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Haikukatwa. Beti zote tano ziliimbwa mfululizo, na wimbo ulipokwisha Mwanaupe alisema kwa sauti ya kawaida, kama mteja yeyote: "Fundi, usiniachie nafasi pale mwisho wa ubeti. Siihitaji tena."

Fundi, basi. Hata jina la Alawi hakulitaja.

Alianza kurekodi. Mwisho wa ubeti wa kwanza mkono ukaisimamisha sauti wenyewe, ngoma ikagonga mapigo manne matupu. Akafuta. Akarudia, ikasimama tena. Safari hii alikaa akiitazama kaseti, na wazo baya likamjia: aiache hivyohivyo. Jumamosi, mbele ya watu wote wa Butiama, Mwanaupe alazimike kusimama mapigo manne na kumkumbuka. Nje mwenye mashine ya kusaga alikuwa akifungua makufuli. Alawi aliuma mdomo, akaanza upya, na kila ubeti ulipokwisha alivisukuma vidole vyake mbele kama anavuka mto kwa nguvu. Alimaliza dakika chache kabla mashine haijanguruma. Ilikuwa kanda ya kwanza aliyoitengeneza isiyo na shimo.

Wankyo alipokuja kuichukua, Alawi aliuliza huku akijifanya anafunga kaseti kwenye gazeti.

"Huyo mama, kifua hakimsumbui?"

"Kifua?" Wankyo alicheka. "Tangu aje kwetu kutoka Bunda anapandaga kilima na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, na bado anaimba. Alituambia zamani aliugua sana, alikuwaga anakaa kwenye nyumba ya moshi. Alipotoka tu, mwezi haukuisha, akapona."

"Moshi wa nini?"

"Hakusema, fundi. Wa kuni, si ndiyo?"

Alawi alimkabidhi kanda. Wankyo akaaga, akaelekea stendi.

Alirudi ndani akasimama katikati ya chumba. Aliyatazama magunia dirishani, akautazama weusi uliogandamana kwenye bati juu ya meza, akaona aibu ambayo hakuwahi kuijua. Miaka yote aliitunza ile nafasi ya kupumua akidhani anatunza mapenzi, kumbe alikuwa anatunza ugonjwa aliomtia yeye mwenyewe. Akayang'oa magunia. Kisha akabeba meza, pasi na redio mbovu ya mteja, akavitoa barazani, akaketi kulehemu. Upepo wa ziwa ulikuwa ukipoza pasi kila dakika, naye akawa anaingoja ishike moto tena. Ndani hapakuwa na mtu.