Ushuhuda wa Wati Mia Mbili na Arobaini

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito yasiyotaka kunyesha, na upepo wa kutosha kuangusha nguo kambani.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Kengele. Tunamwita hivyo kwa sababu ya sauti yake. Kanisani akisema amina, hata wanaopita barabarani hugeuka. Alibwaga mita mbili za kitambaa cha buluu juu ya meza yangu ya kukatia, akataka gauni pana.

"Dada, hiki kinatosha gauni la kubana kidogo," nikamwambia. "Gauni pana linataka mita nne."

"Jitahidi tu, fundi. Wewe si mtu wa maombi?"

"Kitambaa hakinyooshwi kwa maombi."

Neno hilo nimekuwa nikiwaambia wateja tangu nianze kushona, na siku hiyo nililisema kwa raha kabisa. Akaondoka amenuna, kitambaa akakiacha.

Jioni nilikwenda darasani. Nasomea ubunifu wa mavazi kwa kompyuta, pamoja na vijana ambao baadhi yao niliwashonea sare za chekechea. Cheti pekee nilichonacho maishani ni cha ubatizo, na hiki cha pili nilikitamani kuliko nilivyothubutu kumwambia Mungu. Kazi ya mwisho ilikuwa hii: kubuni vazi la mteja halisi, kumvalisha mwanasesere ndani ya kompyuta, na kumtembeza mbele ya darasa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mteja mwenyewe awepo, aseme kama analikubali. Atakayeshindwa, arudie mwaka.

Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu ya nyumbani, na mwanasesere wangu hakutembea. Aliinua mguu, akaganda hewani kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mwalimu, kijana mpole, rika la mwanangu wa pili, akainama kutazama.

"Mama, kompyuta yako haina kadi ya picha."

"Picha ninazo, mwanangu. Za pasipoti. Nikuletee ngapi?"

Darasa zima likacheka, naye pia kidogo. Kisha akanieleza kuwa ni kipande kinachochomekwa ndani ya mashine, kazi yake kuchora vitu vinavyotembea. "Ila kiboksi chako ni kidogo, mama. Kabla hujanunua, kifungue usome kibandiko cha pawa saplai, kile kinachogawa umeme humo ndani. Tazama ina wati ngapi. Kadi isile kuliko kinachopikwa."

Kiboksi chenyewe binti yangu alipewa kazini kwao walipobadilisha mashine. Hakizidi Biblia mbili za mimbarini zilizopandana. Nilikifungua usiku uleule. Kibandiko kilikuwa kimejaa namba, nami nikachukua iliyo kubwa kuliko zote, kama mtu anayechagua viazi: 240. Asubuhi nikaenda kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayeuza vipuri vya kompyuta na maneno.

"Shemeji, hivi vidogo achana navyo, ni vya kuchezea watoto. Chukua dume!" Akanionyesha kadi nene yenye feni mbili. "Hili linakula wati mia na hamsini tu."

Mia mbili na arobaini, toa mia na hamsini: hata baki ipo. Jioni, kwenye ibada ya katikati ya wiki, nilisimama nikatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyonipa wati mia mbili na arobaini, za kutosha na kusaza. Wengi hawakujua wati ni kitu gani, lakini Mama Kengele alisema amina mpaka vioo vya madirisha vikaitikia.

Kesho yake shemeji akaja kuifunga ile kadi niliyonunua. Kadi iliingia kama mguu kwenye kiatu cha kuazima. Feni zikavuma, skrini ikawaka, na mwanasesere akasimama wima katika nguo zake za ndani, maridadi. Nikamvalisha gauni nililokuwa nimelichora, nikabonyeza atembee. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, gauni likaanza kupepea, na kiboksi kikazimika.

Tukawasha tena. Akisimama na nguo za ndani, hapana shida. Akivaa gauni akatembea, giza.

"Labda ni umeme wa mtaa," shemeji akasema. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Akakumbuka ana mteja anamsubiri, akakusanya bisibisi zake.

Nilipobaki peke yangu, nikaelewa. Gauni lile lilikuwa na mpasuo uliopita goti. Hili lilikuwa suala la maadili. Nikaushona mpasuo, nikashusha pindo, nikaongeza marinda. Kompyuta ikazimika kwenye hatua ya kwanza. Nikaongeza mikono mirefu na kilemba. Ikazimika kabla hajainua mguu. Kwamba mashine hiyohiyo ilimvumilia akiwa na nguo za ndani, sikutaka kulifikiria sana.

Jumamosi Mama Kengele alikuja kuchukua kitambaa chake, akanikuta nimepiga magoti, mkono juu ya kiboksi.

"Fundi! Kuna msiba?"

"Naiombea kompyuta. Imepewa kadi, inashindwa kuibeba."

Alikitazama kiboksi, akanitazama mimi. Kisha akaangua kicheko. "Kumbe! Kitambaa hakinyooshwi kwa maombi, ila kompyuta inanyooshwa? Umeipima lakini?"

"Nilisoma kibandiko."

"Ulisoma au ulichagua?"

Jumatatu nikafunga kiboksi kwenye kanga, nikakipeleka kwa mwalimu. Akamulika kibandiko kwa simu, akafuta vumbi kwa kidole.

"Mama, hii 240 ni volti. Huo ni umeme wa ukutani, kila nyumba inao. Wati ni hizi huku chini: mia na themanini. Tena ni za mashine nzima, si za kadi peke yake. Gauni likianza kupepea, kila kitu humu kinataka kula kwa pamoja. Kiboksi kinaona hatari, kinajizima."

"Na marinda je?"

"Marinda uliyazidisha ya nini? Ndiyo yaliyokimaliza."

"Basi tuweke pawa saplai kubwa."

"Kubwa haiingii humu. Mama, wewe si ni fundi nguo? Mtu akikuletea kitambaa—"

"Usimalizie, mwanangu. Mwisho wake naujua."

Nikarudi kwa shemeji na dume lake. "Nipe ya watoto," nikamwambia. Alinung'unika, lakini alinibadilishia: kadi fupi, feni moja, isiyo na waya wake wa umeme, inayokula wati zisizozidi sabini na tano palepale inapochomekwa. Nikavua kilemba, nikafumua marinda, nikachora upya gauni jembamba la buluu, linalotoka kwenye mita mbili. Mama Kengele nikamwomba awe mteja wangu. Alikubali upesi mno, nami nilipaswa kushtuka.

Alhamisi mwanasesere alitembea. Alikwenda taratibu, kama mtu anayepeleka sadaka, gauni likicheza kwenye vifundo vya miguu. Mimi nilikuwa nimebana pumzi nikikitazama kiboksi, si gauni. Akafika mwisho, akageuka, akarudi. Vijana wakapiga makofi.

"Mteja," mwalimu akasema, kalamu mkononi, "unalikubali?"

Mama Kengele akasimama. "Gauni ni zuri. Nitalikubali kwa sharti moja. Jumatano ile nilipiga amina kwa wati mia mbili na arobaini. Amina yangu nani atanirudishia?"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka, alisubiri, na kalamu yake haikugusa karatasi.

Nikasema kitu kwa sauti ndogo.

"Hatusikii, fundi!" akasema Mama Kengele.

Basi nikasimama nami. "Jumapili hii, mbele ya kanisa zima, nitausahihisha ushuhuda wangu. Nitasema kwamba Bwana alinipa wati mia na themanini tangu mwanzo. Hizo nyingine nilijipa mwenyewe."