Mashua ya Mwisho Kulala

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa nyumbani unamenya vitunguu. Nilikuona gatini, mikono mifukoni, macho juu, unatazama winchi inavyonyanyua mashua. Ziwani hukugeuka hata mara moja.

Sisi wa ufuko huu wa ziwa Peipsi tuna desturi isiyohitaji kuandikwa: kipupwe kikibisha hodi, mashua ya zamu haipandishwi wala injini yake hailazwi mpaka mvuvi wa mwisho atie mguu nchi kavu. Mwaka jana zamu ilikuwa ya Kiprian. Na Savvati alikuwa bado majini, peke yake, anatoa nyavu kabla barafu haijashika.

Lakini meneja mpya wa bandari alikuwa amekodi winchi kwa siku moja tu.

"Savvati hajarudi," Kiprian alimwambia.

"Si ana simu? Akikwama atapiga."

"Atampigia nani, bwana meneja? Wewe? Kuogelea kwenyewe unajua?"

Watu wakaangua kicheko, na wewe ukiwemo. Meneja hakucheka. "Mashua itakayobaki majini leo, mwakani itafute bandari nyingine."

Kicheko kikafa. Basi mashua ya Kiprian ikapandishwa, ikakalishwa juu ya magogo, naye akailaza injini yake kama mtu aoshaye maiti. Akamwaga oili ingali na joto. Akafungua koki ya bloku ya injini, akaichokoa kwa waya mpaka maji yote yakatoka, yasije yakaganda ndani na kuipasua. Akachomoa raba ya pampu ya maji. Akaziba ekzosi kwa tambara lenye mafuta. Alipoinua kichwa, winchi ilikuwa imeshaondoka, na ukungu umeshashuka.

Ndipo Lukerya, mke wa Savvati, akaja mbio, simu mkononi.

"Shemeji, injini imemzimikia! Maji yanaingia. Anasema umfuate, ila usimpelekee ule mkate wako wa samaki, bora afe njaa."

Tuliisukuma mashua ya Kiprian kwa mabega, haikutikisika. Tukatoka na kiboti cha makasia, ukungu ukatuzungusha mpaka tukagonga gati letu wenyewe. Waokoaji wa mjini walisema watakuja ukungu ukipungua.

"Basi aje yeye kwangu," Kiprian akasema.

Akang'oa tambara, akafunga koki, akarudisha raba, akamimina oili, akatumbukiza mpira wa kuvutia maji kwenye pipa. Injini ikanguruma pale pale juu ya magogo, madirisha ya nyumba za karibu yakatetemeka.

"Mwambie apige kasia, afuate mlio!"

Lukerya akamwambia. Simu ilikuwa wazi, sote tulimsikia Savvati akicheka.

"Namsikia! Namsikia huyo mkorofi, anakuja!"

"Piga kasia, Savva. Fuata mlio," Lukerya akamsihi mumewe.

"Nipige ya nini, na mwenyewe yuko njiani? Acha nikumbe maji."

Tukasikia ndoo ikikwangua mbao. Ikakwangua, ikakwangua. Kisha ikanyamaza.

"Lusha, mke wangu, mbona hasogei?"

Lukerya alitutazama mmoja mmoja. Kumdanganya hakuweza.

"Yuko nchi kavu, Savva. Sote tuko nchi kavu."

Tukasikia kasia likigonga mbao.

"Aa," alisema. "Basi msizime."

Baada ya hapo simu haikusema tena. Kiprian hakuzima. Injini iliunguruma mpaka tangi likakauka, ikakohoa, ikakata yenyewe, na ziwa halikujibu. Savvati tulimpata barafu ikiwa imeshaishika mashua yake pande zote, kasia likiwa mapajani.

Meneja alituma shada la maua. Wewe ulikula mkate wa matanga ukasema ajali haina kinga.

Kesho winchi inarudi, kwa amri ile ile ya siku moja. Mzee Feoktist na binti yake bado wako ziwani na nyavu zao. Pole yako siitaki. Vaa buti sasa hivi, mgongee jirani yako mlango, na kabla hakujapambazuka simameni nami mbele ya magurudumu ya ile winchi, isipite mpaka wao warudi. Meneja akikuita kwa jina, usisogee.