Mfano Hai

Tanuri alimfukuzisha kazi shemeji yake, tena akiwa anatafuta alama za darasani.

Tanuri ni jina alilopewa kiwandani, kwa kuwa alikuwa mwokaji mkuu wa zamu ya jioni na hasira zake zilipanda upesi. Kiwanda hicho cha mikate kilimlipia kozi ya usimamizi kwenye chuo kinachofundisha kwa mtandao. Akifaulu, anakuwa msimamizi. Akifeli, nafasi inakwenda kwa mwingine. Masomo yenyewe aliyamudu. Kilichomtoa jasho ni majadiliano: kila wiki mwalimu anaweka swali, wanafunzi wanaandika maoni, kisha wanajibizana.

Yeye alikuwa anaandika "Nakubaliana na wewe" chini ya kila mtu, kama anayeitikia simu ya bosi. Mwalimu akampa sifuri, akamwandikia mbele ya wote: "Kukubali si kujadili. Toa mfano wa kazini kwako. Wenzako wakikuuliza, wajibu kwa kina."

"Amenivua nguo hadharani," alimlalamikia mkewe.

"Si uvae nyingine?" mkewe alisema huku akimenya vitunguu. "Mdomo wa kubishana hapa nyumbani unao. Uhamishie huko."

Swali la wiki iliyofuata liliuliza kwa nini wafanyakazi hupuuza usalama. Hapo Tanuri akajiona amefika kwao. Aliandika kuhusu mashine ya kukandia unga. Ina mfuniko, na mfuniko una swichi. Ukifunguliwa, mashine inasimama. Ila kusimama kunachelewesha mikate, basi swichi hufungwa kwa waya ili mtu aongeze unga huku vyuma vikizunguka. Akaona mfano bila mtu ndani yake haunogi. Akaongeza: "Shemeji yangu wa zamu ya asubuhi ndiye bingwa wa waya."

Sifa zikamiminika. "Huu ndio mfano hai!" aliandika mmoja. Dada mmoja, aliyeweka picha ya ua badala ya sura yake, aliuliza kama mashine bado iko hivyo. Tanuri akamjibu kwa kina, kama alivyoagizwa. Yule dada akauliza waya hutolewa lini. Akamjibu: wakaguzi wakija tu. Tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake akamsikiliza mpaka mwisho. Kichwa kikamvimba. Mwalimu akampa alama zote.

Mwenye picha ya ua alikuwa karani wa usalama makao makuu ya kampuni yao, naye amelipiwa kozi ileile. Hawakuwa wamewahi kuonana.

Meneja alimwita Tanuri ofisini. Maandishi yake yalikuwa mezani, yamechapwa.

"Haya ni yako?"

"Ni ya darasani hayo, bosi."

"Na waya nao ni wa darasani?"

"Waya wanafunga wengi, bosi. Mikate inatakiwa mapema."

"Hapa umemtaja shemeji yako. Wewe je, unafunga?"

Alikuwa ameufunga jana yake tu. Tanuri aliona cheo kinamponyoka kama sabuni bafuni.

"Mimi niko zamu ya jioni," alisema.

Meneja hakumuuliza tena. Alinyanyua simu, akaagiza shemeji aitwe.

Usiku, baada ya zamu ya Tanuri, shemeji alifika nyumbani kwake, sare imo kwenye mfuko wa plastiki. Alikaribishwa kiti, akakikataa.

"Shemeji, nani alinifundisha kufunga ule waya?"

Tanuri aliinamia simu yake. Mkewe akamgeukia.

"Si anakuuliza? Wageni wa kwenye simu uliwajibu kwa kina. Ndugu yangu unamnyamazia?"

Shemeji aliweka mfuko begani, akatoka bila kuaga.

Tanuri alifaulu kozi, akawa msimamizi. Shemeji alipoteza kazi ya miaka kumi na moja, na hajapata nyingine. Watoto wake wamehamishwa shule. Mke wa Tanuri bado anapika na kuandaa meza, lakini hakai tena kula naye. Na kiwandani, Tanuri akiingia chumba cha kukandia, watu wanaacha mazungumzo mpaka atoke.