Msomaji wa Kwanza wa Mwalimu

Kwa miaka kumi na moja nilimpigia chapa Mwalimu wa hesabu alama zake za maandishi. Nilizijua kwa majina tu. Kufuatilia zinasema nini haikuwa kazi yangu. Alikuwa amechoshwa na wenzake wanaojaza kurasa tatu kwa jambo la mstari mmoja, akajitungia alama: msalaba wa kujumlisha, kona ya kuchagua namba kubwa kuliko zote, na mshazari wa kuamuru safu nzima ifanyiwe hivyo kwa mpigo. Wenzake wakaziita mikwaruzo ya kuku. Hata hivyo kila muhula nilitoa nakala thelathini, nikazigawa ofisi hadi ofisi, wakanishukuru kwa tabasamu, basi.

Kisha kompyuta ikaletwa, ikajaza chumba kizima cha chini. Mafundi wake wakamwambia Mwalimu kwamba alama zile zinaweza kuwa lugha ya kuiamrisha. Alicheka, maana alizitunga kwa ajili ya chaki na ubao. Wao wakahangaika nazo mwaka mzima.

Siku ya ukaguzi wa kazi yao Mkuu wa chuo alishuka na wajumbe wake. Alikuwa ameshasema waziwazi kwamba mashine ikishindwa, alama zitupwe, na Mwalimu amalizie miaka yake miwili iliyobaki kabla ya kustaafu kwenye darasa la wanaoanza. Mimi ndiye niliyeketishwa kwenye taipureta iliyofungwa waya hadi kwenye kompyuta, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezizoea alama zile.

Mkuu hakuwa mjinga. Alikataa mfano wa mafundi, akafungua mwenyewe kabati langu la nakala, akachomoa ukurasa wa zamani kabisa, uliopigwa kabla kompyuta hiyo haijaundwa. Mfano wa mwisho ulikuwa na namba nne: tatu, tisa, nne, sita. Jibu lilikuwa pembeni kwa kalamu ya Mwalimu: ishirini na mbili.

Niliunakili mstari kama ulivyo. Mashine ikaguna kidogo, kisha taipureta ikaanza kupiga yenyewe, mikono yangu ikiwa mapajani. Ikaandika tisa.

Mwalimu alivua miwani. Mkuu akaanza kuukunja ukurasa.

Nikaunyakua mkononi mwake, adabu baadaye. Kwa mara ya kwanza niliutazama mstari wangu kama mtu anayesoma, nikiulinganisha na maelezo ya alama yaliyo juu ya ukurasa. Palipotakiwa msalaba nilikuwa nimepiga kona, na Mwalimu aliandika jibu kutoka kichwani bila kuukagua mstari, kwa kuniamini. Ningeweza kunyamaza, lawama ikabaki kwa mashine.

"Haijakosea," nikasema. "Niliyekosea ni mimi, miaka kumi na moja iliyopita. Nimeiambia ichague kubwa kuliko zote, na kubwa ni tisa."

Nikapiga msalaba. Ikajibu ishirini na mbili.

Watatu kati ya wajumbe hao walikuwa kwenye orodha yangu ya nakala tangu ile ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuja kuniambia kuna kosa. Sasa waliangalia viatu vyao, na Mkuu akaniomba ule ukurasa, akaunyoosha.

Mwalimu alisogea, akaweka kiganja juu ya bati la mashine lenye joto.

"Kumbe nimepata wa kunisoma," akasema taratibu.

Nilishikwa na aibu, maana mimi ndiye niliyezishika karatasi zile kabla ya wote, bila kuzisoma. Nikamvutia kiti, nikamwomba anifundishe kuzisoma, kuanzia ukurasa wa kwanza.