Benchi za Fundi Gélase

Kila nikipita mtaani kwetu Gihosha nazikumbuka benchi za baba yangu, fundi Gélase. Wakati wa vita zilikuwa za mtaa mzima. Mtu akifiwa, awe Mhutu au Mtutsi, majirani walikuja kuzibeba bila hata kuomba, na baba hakununa.

Mwaka 2005, kabla ya uchaguzi, chama kimoja kiliziazima kwa mkutano wa kumchagua mgombea wake wa kuongoza komine, yaani tarafa yetu. Waliotaka nafasi hiyo wangesimama mbele, na kila mtu apange mstari nyuma ya amtakaye. Baba hakuwa na chama, lakini alivaa koti lake la misa akaenda.

Claude, jirani yetu aliyesimamia mkutano, akamzuia.

“Mzee, uko na karte ya chama?”

“Apana. Lakini huyu mutu akishinda, ataongoza wenye karte peke yao?”

“Ataongoza wote.”

“Basi na mi nachagua.”

“Apana, mzee. Ungoje siku ya uchaguzi.”

Baba akawatazama waliokaa. “Sawa. Benchi zangu nazo hazina karte. Musimame!”

Wakasimama wote. Mmoja wa waliotaka kuchaguliwa akacheka, akashika benchi upande wa pili, wakaibeba na baba hadi kwetu, wakibishana njia nzima.

Baba hayupo tena. Mimi karte ninayo. Mikutanoni tunakalia viti vya plastiki vya kukodi, na hakuna anayekuja kutubishia.